Mafunzo ya kubaini hatari mapema: Jinsi wauguzi wanavyoweza kumkinga mgonjwa kabla ya ajali

KILA muuguzi aliyedumu kazini anaijua hali hii. Aingiapo wadini mwanzoni mwa zamu, kabla hajaambiwa lolote, jicho lake humwangukia mgonjwa mmoja kati ya wengi na moyo humwambia kwamba pana jambo haliendi sawa. Huenda ni kandambili zilizosukumwa mbali chini ya kitanda, mrija wa dripu uliobanwa na ubavu wa mgonjwa, au chupa mbili za dawa zinazofanana zilizowekwa kwenye trei moja.

Ujuzi huo huitwa uzoefu. Kwa muda mrefu umechukuliwa kuwa kitu kinachokuja chenyewe kadiri mtu anavyozeeka kazini. Tatizo ni kwamba mgonjwa hawezi kungoja hadi muuguzi mchanga aote mvi.

Nchini Japani ujuzi huo hufundishwa. Wauguzi huketi pamoja, hutazama mchoro wa hali ya kawaida ya wadini na kutaja kwa sauti kila ajali inayoweza kuzuka humo, kisha hukubaliana watafanya nini ili isitokee. Mbinu hiyo huitwa kiken yochi, maneno yenye maana ya kuibaini hatari kabla haijafika. Hufahamika zaidi kwa kifupisho KYT, herufi ya mwisho ikisimamia mafunzo.

Umuhimu wake unadhihirika katika takwimu za Shirika la Afya Duniani, WHO. Kulingana na shirika hilo, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hudhurika akiwa anapokea huduma za afya, na watu zaidi ya milioni 3 hufariki kila mwaka kwa sababu ya huduma isiyo salama. Zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuiwa.

Chimbuko lake viwandani

Mbinu hii haikuzaliwa hospitalini. Ilizaliwa katika viwanda vya Japani wakati uchumi wa nchi hiyo ulipokuwa ukikua kwa kasi na wafanyakazi wakilipa gharama ya ukuaji huo kwa maisha yao. Mwaka 1961 pekee, wafanyakazi 6,712 walifariki kazini.

Mwaka 1972 Japani ilipitisha sheria mpya ya usalama na afya kazini. Mwaka uliofuata, Chama cha Usalama na Afya Viwandani cha nchi hiyo kilianzisha kampeni ya kitaifa iliyolenga kuzifikisha ajali sufuri. Mnamo 1974 kampuni ya chuma ya Sumitomo Metal Industries ikabuni mafunzo ya kutumia michoro kuwazoesha wafanyakazi kuiona hatari. Chama hicho kiliyachukua mafunzo hayo na mwaka 1978 kikayapanga katika hatua nne zinazofuatwa hadi leo.

Tangu mwaka 2015, idadi ya wanaofariki kazini nchini Japani imekuwa chini ya 1,000 kwa mwaka. Mafanikio hayo hayatokani na mafunzo ya michoro peke yake, kwani sheria kali na mitambo bora ilichangia pakubwa. Hata hivyo, viwanda, kampuni za ujenzi na mashirika ya reli yaliendelea kuyatumia.

Hospitali nazo zilichelewa. Ilikubalika kwamba chuma kinaweza kumwangukia mtu kiwandani, lakini ilikuwa vigumu kukiri kwamba muuguzi mwema na daktari bingwa wanaweza kumdhuru mgonjwa wao wenyewe. Imani hiyo ilivunjika mwanzoni mwa mwaka 1999.

Misiba miwili ya mwaka 1999

Januari 11, 1999, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Jiji la Yokohama, muuguzi mmoja aliwapeleka wagonjwa wawili kwa wakati mmoja hadi lango la vyumba vya upasuaji. Mmoja, mwenye umri wa miaka 74, alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo. Mwingine, wa miaka 84, alikuwa afanyiwe upasuaji wa pafu. Wakati wa kukabidhiana, wagonjwa hao walibadilishana vyumba huku faili zao, zilizopokelewa kando, zikifika zilikotakiwa.

Aliyekuwa na maradhi ya moyo akapasuliwa kifua ili atibiwe pafu, na mwenye maradhi ya pafu akafanyiwa upasuaji wa moyo. Wote wawili walitoka chumba cha upasuaji wakiwa hai, lakini taifa zima liliingiwa na hofu.

Kinachowafanya wakufunzi wa usalama kukirejelea kisa hicho ni kwamba dalili hazikukosekana. Mgonjwa aliyeitwa kwa jina la mwenzake aliitikia. Kibandiko cha dawa ya moyo kilionekana mgongoni mwa mtu aliyedhaniwa kuwa na maradhi ya pafu, nacho kikabanduliwa tu. Katika chumba cha pili, nywele za mgonjwa hazikufanana na zile zilizokumbukwa, na vipimo vya moyo wake vilikuwa bora mno kuliko vya awali.

Shaka hiyo iliwafanya wahudumu kupiga simu wadini. Waliuliza iwapo mgonjwa wa jina hilo ameshateremshwa, wakajibiwa kwamba ndiyo. Jibu lilikuwa la kweli, kwa kuwa mgonjwa huyo aliteremshwa. Swali lililohitajika, yaani huyu aliye mbele yetu ni nani, halikuulizwa.

Mwezi mmoja baadaye, Februari 11, mgonjwa mwingine alifariki katika hospitali ya Hiroo jijini Tokyo. Alikuwa mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa mkono siku iliyotangulia. Muuguzi alikuwa ameandaa mabomba mawili ya sindano, moja likiwa na maji ya chumvi yenye dawa ya kuzuia damu kuganda, na la pili likiwa na dawa ya kuua viini iliyokusudiwa mgonjwa mwingine. Vibandiko vikachanganywa. Muuguzi wa pili, akiamini alichokisoma, akaiingiza dawa ya kuua viini katika mshipa.

Wauguzi hao wawili walipatikana na hatia mwaka 2000 na kupewa vifungo vilivyoahirishwa. Katika kesi ya Yokohama, Mahakama ya Juu ilithibitisha Machi 2007 hatia ya daktari wa nusukaputi, ikisisitiza kwamba kila anayemshughulikia mgonjwa ana wajibu wake mwenyewe wa kuhakikisha ni nani anayetibiwa, bila kutegemea kwamba mwenzake ameshahakikisha.

Hukumu zilipita, lakini zilibakisha swali ambalo mahakama haiwezi kulijibu: muuguzi wa kesho atafunzwaje kuiona hatari hiyo asubuhi, kabla ya kisu na sindano?

Visa vya chupuchupu

Serikali ya Japani ilianza kwa kutafuta habari. Oktoba 2001 Wizara ya Afya, Kazi na Ustawi ilianza kukusanya kutoka hospitalini visa ambavyo Wajapani huviita hiyari-hatto. Neno la kwanza hueleza ubaridi unaomshika mtu mgongoni, na la pili ule mshtuko wa kugutuka ghafla. Kwa Kiswahili chepesi, ni visa vya chupuchupu, ambapo kosa lilikaribia kumfikia mgonjwa likazuiwa dakika ya mwisho, au lilimfikia bila kumdhuru.

Kabla ya hapo, Profesa Haruko Kawamura wa Chuo Kikuu cha Kyorin alikuwa amekusanya zaidi ya visa 11,000 vya aina hiyo vilivyosimuliwa na wauguzi wenyewe. Sindano na dripu ziliongoza. Kuanguka kwa wagonjwa pamoja na makosa ya dawa za kumeza pia vilikuwa na sehemu kubwa.

Mwaka 2002 kanuni mpya zilizitaka hospitali kuwa na mwongozo wa usalama, kamati ya kuusimamia na mafunzo ya mara kwa mara kwa wafanyakazi. Hapo ndipo KYT ilipopata nafasi yake, kwa kuwa visa vilivyokusanywa viligeuka kuwa michoro ya kufundishia.

Msingi wa hoja hii ni wa zamani. Mwaka 1931 Mmarekani Herbert Heinrich, aliyefanya kazi katika kampuni ya bima, aliandika kwamba kwa kila ajali moja kubwa kulikuwa na 29 ndogo na 300 zisizomdhuru mtu. Wataalamu wa baadaye wametilia shaka uwiano huo, lakini funzo lake limebaki: ajali kubwa hutanguliwa na ndogo nyingi, na anayezipuuza hizo ndogo huikaribisha kubwa. Wahenga waliotuonya kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta walilijua jambo hilo bila kuhesabu.

Hatua nne za mafunzo

Kikao cha KYT huwa cha watu 5 au 6. Mmoja huongoza, mwingine huandika, na wote hutazama mchoro mmoja. Chukua mfano wa mchoro huu: mama mzee ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu yake ikining'inia. Mkononi ana dripu iliyotundikwa kwenye nguzo ya magurudumu. Kandambili ziko mbali kidogo. Sakafu ina maji karibu na kabati, na gongo lake limeegemezwa ukutani upande wa pili. Ni saa kumi na moja alfajiri na taa imefifia.

Hatua ya kwanza ni kuuliza: ni hatari gani zimejificha hapa? Kila mmoja hutaja anachokiona, na hakuna anayekosolewa. Sharti ni moja tu. Hatari haitajwi kwa neno moja kama vile "kuanguka", bali kwa sentensi inayounganisha sababu, kitendo na matokeo.

Kwa mfano: "Kwa kuwa kandambili ziko mbali, atainama kuzivuta kwa mguu na ataanguka kifudifudi." Au: "Kwa kuwa nguzo ya dripu ina magurudumu, ataishika kama gongo, itateleza naye ataanguka pamoja nayo." Au: "Kwa kuwa anataka kwenda msalani na hataki kumsumbua muuguzi usiku, atasimama peke yake, mrija utanyooka na sindano itachomoka." Kundi lililozoea laweza kutaja hatari kumi au zaidi kutokana na mchoro mmoja.

Umbo hilo la sentensi ndilo roho ya mafunzo. Anayesema "aangaliwe asianguke" hajaona kitu. Anayesema mzee huyu ataishika nguzo ya dripu kama gongo ameshaiona ajali yenyewe, na ameshajua mahali pa kuizuia.

Hatua ya pili ni kuuliza: kati ya hizo, ipi ndiyo hatari kuu? Kundi hujadiliana na kuchagua moja au mbili ambazo zina uwezekano mkubwa wa kutokea au zitaleta madhara makubwa. Katika mfano huu, huenda likachagua ile ya mgonjwa kusimama peke yake kwenda msalani.

Hatua ya tatu ni: wewe ungefanya nini? Kila mmoja hupendekeza hatua inayotekelezeka. Kumwamsha mgonjwa na kumpeleka msalani kabla ya alfajiri. Kulileta gongo karibu na mkono wake wa kulia. Kukausha sakafu. Kumwekea kengele pale anapoweza kuifikia, na kumhakikishia kwamba kuita si usumbufu.

Hatua ya nne ni kuweka azimio. Kundi huchagua hatua moja au mbili na kuzitamka kama ahadi: "Tutampeleka mama huyu msalani saa kumi alfajiri, kila siku." Azimio hutamkwa na wote kwa pamoja, kisha kazi huanza.

Kikao kizima chaweza kumalizika katika robo saa. Upo pia mtindo mfupi wa dakika chache unaofanywa wakati wa kupokezana zamu, ambapo wauguzi hutaja hatari moja ya siku hiyo na namna ya kuikwepa. Mwishowe muuguzi hujizoeza kujiuliza maswali hayohayo manne akiwa peke yake, mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango wa mgonjwa.

Kidole na sauti

KYT huandamana na desturi nyingine iliyotoka kwa madereva wa treni wa Japani, ya kuashiria kwa kidole na kutamka. Dereva aionapo taa ya kijani huinyoshea kidole na kusema kwa sauti kwamba taa ni ya kijani. Mgeni akimwona humdhania kuwa anazungumza peke yake.

Mwaka 1994 Taasisi ya Utafiti wa Kiufundi wa Reli ya nchi hiyo iliifanyia desturi hiyo majaribio. Washiriki waliofanya kazi rahisi bila kuashiria wala kutamka walikosea mara 2.38 kwa kila vitendo 100. Walipoashiria na kutamka, makosa yalishuka hadi 0.38. Sababu ni kwamba jicho, mkono, mdomo na sikio hulazimishwa kushughulikia jambo moja kwa wakati mmoja, na mtu hawezi tena kutenda kwa mazoea huku mawazo yako kwingine.

Wadini, muuguzi hunyosha kidole kwenye kibandiko cha dawa na kutamka jina la mgonjwa, jina la dawa, kipimo, njia ya kuitoa na saa yake. Hunyosha kidole kwenye breki za kitanda na kusema zimefungwa. Muuguzi mgeni wa desturi hii huona haya mwanzoni. Ndiyo maana huanzishwa na kundi zima kwa pamoja, muuguzi mkuu akitangulia.

Faida na mipaka

Faida ya kwanza ya mafunzo haya ni kuhamisha ujuzi. Muuguzi mkongwe, anayeona mengi bila kujua jinsi anavyoyaona, hulazimika kuyaeleza kwa maneno. Muuguzi mchanga husikia sentensi ambazo vinginevyo zingemchukua miaka kumi kuzipata.

Faida ya pili ni kufungua vinywa. Katika wadi nyingi, mwanafunzi wa uuguzi hathubutu kumwambia daktari bingwa kwamba mgonjwa aliye mezani huenda si yeye. Aliyezoezwa kila asubuhi kutaja hatari mbele ya wakubwa wake, bila kufokewa, hupata ujasiri wa kuitaja siku inapokuwa ya kweli.

Hata hivyo, mbinu hii ina mipaka yake. Tafiti nyingi zilizofanywa kuihusu zimelinganisha hali ya kabla na ya baada katika wadi au hospitali moja moja, kwa hivyo si rahisi kupima ni kiasi gani cha mafanikio kilitokana nayo. Aidha, ikifanywa kwa kutimiza wajibu tu, hugeuka wimbo unaoimbwa kila asubuhi bila kusikilizwa.

Mpaka ulio mkubwa zaidi ni idadi ya wauguzi. Mwaka 2002 Profesa Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi uliohusu wagonjwa zaidi ya 230,000 wa upasuaji. Waligundua kwamba kila mgonjwa mmoja zaidi aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki katika siku 30 baada ya kulazwa. Muuguzi mmoja anayehudumia wagonjwa 40 usiku anaweza kuiona hatari vizuri kabisa na bado asiwe na mikono ya kuizuia.

Zaidi ya hayo, hatari bora ni ile isiyohitaji kuonwa kwa kuwa imeondolewa. Baada ya misiba ya 1999, Japani haikutegemea macho ya wauguzi pekee. Mwaka 2000 iliweka viwango vipya vya mabomba ya kupitishia dawa za kumeza na chakula, ili ncha zake zisiweze kuunganishwa na mrija wa mshipa. Hapo hata muuguzi aliyechoka hawezi kukosea.

Kwa sababu hiyo, KYT haifai kuwa kisingizio cha wakuu wa hospitali kumtwika muuguzi mzigo wao. Azimio la hatua ya nne linapohitaji taa mpya, reli ya kitanda au mfanyakazi wa ziada, aliye na mamlaka ya kutoa fedha ndiye anayepaswa kulitimiza.

Hali ya Kenya na Afrika Mashariki

Wakenya hawana haja ya kwenda Yokohama kutafuta mfano. Mapema Machi 2018 ilifichuka kwamba katika Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa aliyekuwa na uvimbe usiohitaji kisu alifunguliwa fuvu la kichwa badala ya mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda ubongoni. Madaktari waligundua kosa baada ya saa kadhaa, walipoikosa damu waliyokuwa wakiitafuta.

Daktari aliyefanya upasuaji, muuguzi wa wadi, muuguzi aliyempokea mgonjwa katika chumba cha upasuaji na mtaalamu wa nusukaputi walisimamishwa kazi. Afisa mkuu mtendaji akapelekwa likizo ya lazima. Mjadala ulielekea haraka kwenye swali la nani alaumiwe.

Kufanana kwa kisa hicho na kile cha miaka 19 iliyotangulia kunastahili kutazamwa. Hospitali mbili zilizo mbali mno, moja ya nchi tajiri na nyingine ya nchi inayostawi, zilikosea mahali pamoja: pale mgonjwa anapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Fedha na mitambo havikuizuia Yokohama kuanguka katika shimo hilo.

Kanda hii si ngeni kwa mbinu za Kijapani. Kuanzia mwaka 2007, kupitia mpango wa Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, hospitali za nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, zilianza kufunzwa utaratibu wa kupanga mahali pa kazi uitwao 5S. Hospitali ya rufaa ya Mbeya ilikuwa miongoni mwa waanzilishi nchini Tanzania, ambako hatua hizo tano zilipewa majina ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia.

Utaratibu huo huondoa vitu visivyohitajika na kukipa kila kifaa mahali pake. KYT ni ndugu yake. Trei ya dawa iliyopangwa vizuri humrahisishia muuguzi kuona kilichokaa pasipo pake, na jicho lililozoezwa huona kwa nini trei hiyo haifai kuvurugwa.

Afrika Mashariki pia ilichangia katika ushahidi wa kimataifa kuhusu usalama wa wagonjwa. Hospitali ya Ifakara, Tanzania, ilikuwa miongoni mwa 8 duniani zilizoijaribu orodha ya WHO ya kuhakikisha usalama kabla, wakati na baada ya upasuaji. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba, katika hospitali hizo kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha hiyo humtaka kila aliye chumbani kusimama kidogo na kutamka kwa sauti jina la mgonjwa na kiungo kinachopasuliwa.

Namna ya kuanza

Mafunzo haya hayahitaji tarakilishi wala mkufunzi kutoka ng'ambo. Wadi inahitaji mchoro au picha moja ya mazingira yake yenyewe, isiyoonyesha sura ya mgonjwa yeyote, na watu watano walio tayari kutoa robo saa kwa wiki.

Picha bora ni ile inayotokana na kisa cha chupuchupu kilichotokea wadini humo. Kwa mfano, muuguzi yuko kwenye meza ya dawa, mbele yake pana chupa mbili zenye vifuniko vya rangi moja. Simu inalia, na jamaa wa mgonjwa amesimama mlangoni akimwita. Wauguzi wa Lodwar, Voi au Kisii hawatahitaji kuelezwa picha hiyo. Watasema wenyewe: kwa kuwa ameitwa akiwa katikati ya kazi, ataiweka chupa chini, atarudi na kuishika nyingine.

Maazimio nayo hayatakuwa mageni. Anayeandaa dawa asiitwe hadi amalize. Bomba la sindano lisiachwe mezani bila kibandiko hata kwa dakika moja. Mgonjwa asiulizwe "wewe ni fulani?" kwa kuwa mwenye homa, hofu au uziwi ataitikia jina lolote, aulizwe "unaitwa nani?" na jibu lake lilinganishwe na utepe wa mkononi na faili. Wagonjwa wawili wasipelekwe katika vyumba vya upasuaji kwa safari moja na muuguzi mmoja.

Sharti kuu ni kwamba anayesimulia kosa lililonusurika asiadhibiwe kwa kulisimulia. Muuguzi aliyeshika chupa isiyo yake akagutuka ana habari ambayo hospitali nzima inaihitaji. Akijua kwamba barua ya onyo itamfuata, atanyamaza, na chupa hizo mbili zitaendelea kukaa pamoja zikimngoja mwenzake wa zamu ya usiku.

Septemba 17 ya kila mwaka, tangu 2019, dunia huadhimisha Siku ya Usalama wa Wagonjwa, na hotuba hutolewa. Hospitali inayotaka kuiadhimisha kwa vitendo inaweza kuchagua wadi moja, ikahesabu wagonjwa walioanguka na dawa zilizokosewa katika miezi mitatu iliyopita, ikaanzisha vikao hivi, kisha ikahesabu tena. Tahadhari huja kabla ya hatari, kama wasemavyo Waswahili, lakini sharti awepo mtu aliyefunzwa kuitaja hatari hiyo kwa sauti, na mkubwa wake aliye tayari kumsikiliza.